Habari za Kifua Kinacholia na Maradhi ya Pumu

(Hotuba kwa watu wa Kishanda)



Nimetakiwa niseme leo juu ya kifua kinacholia. Mimi ni karani, si mganga wala daktari. Kazi ya karani ni kuyachukua maneno ya wenye maarifa na kuyaandika sawasawa, hata mtu asiyekuwapo aweze kuyafahamu. Na ndivyo nitakavyofanya. Nimewauliza waganga, nimesoma vitabu vyao, na pale walipotumia maneno magumu nimetafuta yaliyo rahisi. Hotuba hii ni kwa watu wa Kishanda na majirani zetu wa Muleba na Bukoba, ingawa maradhi yenyewe hayajui mpaka wa kata wala wa nchi.

Twaijua sote sauti ile. Usiku wa manane, mvua imekwisha kunyesha na baridi imeshuka bondeni, mtoto huamka akakaa kitako kitandani, mabega yamepanda juu, mishipa ya shingo imetokeza, na kila atoapo pumzi kifuani mwake husikika mluzi. Mama humpaka mafuta kifuani, baba huchochea moto ili mtoto apate joto, nyanya hutafuta majani ya kuchemsha. Jua likichomoza mluzi hupungua, na watu husema, "Amepona." Lakini hakupona. Neno hilo moja, ya kwamba mluzi waweza kunyamaza na maradhi yakabaki pale pale, ndilo nililolileta leo, na mengine yote yatalifuata.

Kwanza tufahamu mluzi huo watoka wapi. Pumzi hupita katika bomba la kooni, nalo hugawanyika matawi mawili, na kila tawi hugawanyika tena na tena, kama mbuni uliopinduliwa, shina juu na matawi chini, mpaka kufikia vijitawi vyembamba kama uzi. Kwa mtu mwenye afya hewa hupita humo bila sauti. Ukipuliza katika mwanzi mpana husikii kitu. Ukipuliza katika mwanzi uliobanwa, hulia. Basi kifua kinacholia ni kifua ambacho njia zake zimebanwa. Husikika zaidi wakati wa kutoa pumzi, kwa kuwa tuvutapo hewa kifua hutanuka na njia hutanuka pamoja nacho, bali tutoapo njia huminywa.

Katika pumu njia hizo hubanwa kwa mambo matatu yatendekayo pamoja. Misuli midogo izizungukayo hujikaza, kama kamba ikazavyo mdomo wa gunia la kahawa. Ngozi laini ya ndani huvimba. Tena makohozi mazito, yenye kunata kama utomvu wa fenesi, huziba nafasi ndogo iliyobaki. Angalieni sana tofauti iliyopo hapa. Kukaza kwa misuli huja upesi na huondoka upesi, pengine kwa dakika chache mtu akipata dawa. Kuvimba hukaa. Kwaweza kukaa majuma na miezi, mtu yu kimya, anakwenda shambani, anacheka na wenzake, na kumbe ndani njia zake zimevimba na zi tayari kufunga kwa sababu ndogo tu.

Na kwa nini zivimbe? Mwili wa mwenye pumu ni kama mlinzi mwenye hofu nyingi, ambaye akisikia jani kavu likianguka hupiga ngoma ya vita. Vumbi, moshi, ubaridi, mafua, harufu kali, mambo ambayo kifua cha jirani yake huyaacha yapite, yeye huyaona ni adui, akaita jeshi zima. Tabia hiyo mara nyingi huonekana katika ukoo mmoja, na waganga wasema huenda pamoja na ngozi inayowasha na pua inayotiririka na kupiga chafya. Si laana ya ukoo, wala si uchawi wa jirani, na mtu asimtazame mwenziwe kwa jicho baya kwa ajili ya jambo hili.

Wala pumu haiambukizi. Hapa nataka niseme kwa nguvu, maana nimeona mgonjwa akitengewa kikombe chake na mrija wake wa pombe, akakaa pembeni peke yake kama mwenye ukoma wa zamani. Haiambukizi kwa kikombe, wala kwa pumzi, wala kwa kulala kitanda kimoja. Kifua kikuu ndicho kinachoambukiza, nacho huenda kwa hewa. Kwa hiyo mtu ye yote aliyekohoa majuma mawili au zaidi na aende apimwe makohozi, awe na mluzi au asiwe nao. Akionekana hana kifua kikuu, atakuwa amejua jambo la maana. Akionekana anacho, dawa ipo, na atakuwa amewaokoa walio nyumbani mwake.

Yapo pia mambo mengine yafanyayo kifua kulia, wala si pumu. Mtoto mchanga wa miezi michache aweza kulia kifua kwa sababu ya mafua yaliyoshuka chini kwenye njia zake nyembamba. Wengi wa hao hupona na hawana pumu maishani, lakini akipumua mbio, au mbavu zikiingia ndani kila avutapo pumzi, au akikataa ziwa, huyo si wa kungoja asubuhi. Mzee ambaye moyo wake umechoka aweza kulia kifua alalapo chali usiku, na miguu imevimba. Mwanamke aliyepika kwa kuni miaka 40 katika jiko lisilo na dirisha, au mwanamume aliyevuta kiko na sigara tangu ujana, njia zake zaweza kuharibika zisifunguke tena vizuri, hata kwa dawa. Maradhi hayo ni ndugu wa pumu, si pumu yenyewe. Tena iko habari ya karanga. Mtoto wa miaka miwili au mitatu alikuwa mzima akicheza na kula karanga, au punje ya mahindi, au buni; mara akapaliwa, akakohoa sana, kisha akatulia. Tangu siku ile kifua chake hulia, na pengine hulia upande mmoja tu. Huyo amevuta punje ikaingia njia ya hewa, na dawa yote ya pumu duniani haitamsaidia mpaka itolewe hospitali. Mama akumbuke siku ile ya kupaliwa na kumwambia mganga, hata kama imepita miezi miwili, kwa maana mganga hawezi kuyajua yaliyopita asipoambiwa.

Mwaka 1816 daktari mmoja Mfaransa, René Laennec, alikunja karatasi ikawa kama bomba, akaweka ncha moja kifuani pa mgonjwa na nyingine sikioni mwake, akashangaa kusikia vizuri kuliko alipolaza sikio lenyewe. Katika karatasi hiyo ndipo kilipotokea chombo kile ambacho waganga hukivaa shingoni. Nasema habari hii kwa sababu mluzi mdogo hausikiki kwa mtu aliyesimama mlangoni. Mzazi aweza kulaza sikio mgongoni pa mtoto wake anapotoa pumzi, akasikiliza, tena akamwambia mganga alichosikia na saa alipokisikia. Wengine hukaa miaka wakimpa mtoto dawa za kikohozi na dawa za kuua vijidudu, kumbe kila usiku wa manane kifua kinalia wala hakuna aliyeweka sikio.

Sasa niseme juu ya mambo ya kwetu yanayoamsha pumu.

La kwanza ni moshi. Nyumba ya msonge ya wazee wetu ilikuwa nyumba ya heshima, yenye joto usiku, na moshi wa moto ulifukuza wadudu katika paa la nyasi. Lakini ulikaa pia vifuani mwa watu. Leo wengi wetu tunalala chini ya bati, ila jiko tumeliacha vile vile: kibanda kidogo nyuma ya nyumba, mlango mmoja, hakuna dirisha, na kuni mbichi. Humo mama hukaa saa nyingi na mtoto yu mgongoni. Mwenye mgonjwa wa pumu na atoboe dirisha linaloelekeana na mlango, ili hewa ipite; na akaushe kuni; na siku zisizo za mvua apike nje. Kufanya hivyo hakuhitaji fedha za serikali. Kadhalika kuchoma nyasi za rweya wakati wa kiangazi: moshi wake hushuka vijijini jioni, na watu wa zahanati huujua kwa wingi wa wagonjwa.

La pili ni kitanda. Katika godoro, hasa la nyasi au la pamba kuukuu, na katika mablanketi yasiyofuliwa, hukaa wadudu wa jamii ya utitiri, wadogo mno, wasioonekana kwa macho. Hawaumi, lakini mavi yao hugeuka vumbi, na vumbi hilo huamsha pumu. Mende nao ni vivyo hivyo. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto kila juma, godoro litolewe juani, na nyasi za kutandika sakafuni, pale ambapo bado desturi hiyo ipo, zisiwe katika chumba alalacho mgonjwa.

La tatu, nalo latuhusu sisi watu wa kahawa kuliko wengine, ni vumbi la kahawa. Kahawa yetu hapa huanikwa na maganda yake, nayo ikikobolewa maganda makavu hupasuka na vumbi hufuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili na wenzao wa Bergen katika nchi ya Norwei walipima vumbi katika viwanda vya kahawa vya Tanzania, wakatoa habari zao mwaka 2011 na mwaka 2013. Kule Kilimanjaro waliwakuta wafanyakazi wa viwanda wana kikohozi na dalili nyingine za kifua kuliko watu wasiofanya kazi hiyo. Mwenye pumu asipewe kazi ya kukoboa wala ya kupepeta. Apewe ya kuchuma. Na asiye na pumu afunge kitambaa puani, tena asimame upepo umpige mgongoni wala si usoni.

Hata hivyo kahawa hiyo hiyo ina habari nyingine, na sioni vibaya kuisimulia. Daktari mmoja Mwingereza, Henry Hyde Salter, ambaye mwenyewe alikuwa na pumu, alitoa kitabu mwaka 1860 juu ya maradhi hayo, na katika dawa alizozisifu ilikuwamo kahawa nzito. Wataalamu wa siku hizi wameichunguza habari hiyo, wakaona ya kwamba ile kafeini iliyomo katika kahawa hufungua njia za hewa kidogo, kwa muda wa saa chache. Na kahawa yetu ya robusta ina kafeini nyingi kuliko ya arabika. Basi mzee atafunaye kahawa zetu zilizochemshwa na kukaushwa, akasema kifua kimelegea kidogo, si mwongo. Ila ni kidogo tu, na mtu anayekosa pumzi asikalishwe kungoja kahawa.

Yapo na mengine nitakayoyapita upesi: mafua, ambayo kwa watoto ndiyo yaamshayo pumu kuliko yote; moshi wa dawa za mbu; manukato makali; kukimbia katika baridi ya asubuhi. Tena baadhi ya wenye pumu hubanwa kifua wakimeza asipirini, ibuprofeni au diklofenaki. Kwa hiyo mwenye pumu akienda duka la dawa kwa ajili ya maumivu ya mgongo, aseme kwanza, "Mimi nina pumu."

Ama kwa habari ya dawa, hapa ndipo penye ubishi, na ndipo watu wanapofia.

Mwaka 1955, katika Marekani, binti wa George Maison, mkuu wa kampuni ya dawa iitwayo Riker, alimwuliza baba yake kwa nini dawa yake ya pumu isitiwe katika kopo la kupuliza kama yale ya manukato. Mwaka uliofuata, 1956, kichupa cha kuvuta dawa kikaanza kuuzwa, ambacho sisi twakiita inhela. Mwaka 1969 ikatoka dawa ya salbutamoli, ambayo mara nyingi huwa katika kichupa cha rangi ya buluu. Dawa hii hulegeza ile misuli iliyojikaza; mtu huvuta, na baada ya dakika chache hupumua. Mwaka 1972 ikatoka dawa nyingine ya kuvuta, beklometasoni, ambayo ni ya jamii ya steroidi. Hii hailegezi misuli. Hii hutuliza kule kuvimba, polepole, kwa siku na majuma, ikiwa mtu ataivuta kila siku, asubuhi na jioni, awe na mluzi au asiwe nao.

Sasa mwaona taabu ilipo. Dawa ya kwanza humfurahisha mtu papo hapo. Ya pili haimpi furaha yo yote siku ile. Basi mtu huishika ya kwanza na kuitupa ya pili. Kila abanwapo hupuliza buluu, misuli hulegea, mluzi hunyamaza, naye husema dawa yangu ni hii. Na huku nyuma uvimbe waongezeka, mpaka siku moja njia zimeziba kwa uvimbe na makohozi, naye hupuliza buluu wala hakuna msuli wa kulegeza. Ndiyo maana mwaka 2019 baraza la wataalamu wa pumu wa ulimwengu, liitwalo GINA, liliacha kuagiza watu wazima na vijana watibiwe kwa salbutamoli peke yake. Likasema kila mmoja wao apate na dawa ya kutuliza uvimbe. Iko hata inhela moja yenye zote mbili ndani yake, budesonidi na fomoteroli, ambayo hufungua na kutuliza kwa mpulizo mmoja. Mahali ipatikanapo, ni njema sana.

Mimi karani napenda hesabu, basi nitawapa hesabu mbili. Kichupa kimoja cha salbutamoli kwa kawaida kina mipulizo 200. Wataalamu wasema mtu atumiaye vichupa vitatu au zaidi kwa mwaka yu katika hatari ya kubanwa vibaya, na atumiaye 12 au zaidi, yaani kimoja kila mwezi, yu katika hatari ya kufa. Vitatu ni mipulizo 600, nayo ukiigawa kwa siku 365 ni mpulizo mmoja na nusu na kitu kwa siku. Wangapi kwetu hupuliza zaidi ya hapo na kujiona wazima? Kila mwenye inhela na aandike ukutani tarehe aliyoanza kichupa na tarehe kilipokwisha. Karatasi hiyo itamwambia mganga mambo mengi kuliko maneno.

Hesabu ya pili ni kwa ajili ya wale wasemao, "Usianze kupuliza, utazoea, hutaacha tena, heri vidonge." Mpulizo mmoja wa salbutamoli ni maikrogramu 100. Kidonge kimoja cha miligramu 4 ni maikrogramu 4,000. Yaani aliyemeza kidonge kimoja amechukua dawa ya mipulizo 40, akaipitisha tumboni na katika damu yote, mikono ikatetemeka na moyo ukaenda mbio, na bado kifua kikachelewa kufunguka. Mpulizo huenda pale pale penye ugonjwa. Na kuhusu kuzoea: mtu haizoei inhela kama mlevi azoeavyo pombe. Akiacha na kubanwa tena, si dawa inayomwita, ni maradhi ambayo hayakuondoka. Wala inhela si dalili ya kwamba mtu amefika mwisho wa safari. Wengine katika wakimbiaji na wachezaji mashuhuri wa mpira huitumia, wakakimbia kutushinda sisi.

Lakini dawa haifai kitu isipofika mapafuni, na wengi huipuliza ikaishia ulimini na kooni. Kichupa kitikiswe, mtu atoe pumzi yote kwanza, azungushe midomo kwenye mdomo wa kichupa, aanze kuvuta polepole, na hapo hapo abonyeze, aendelee kuvuta mpaka kifua kijae, kisha azuie pumzi akihesabu kumi. Akivuta ya steroidi asukutue maji na kuyatema, ili asipate utando mweupe kinywani.

Mtoto hawezi yote hayo, wala mtu mzima aliyebanwa hawezi. Dawa yake ni chupa. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, katika Afrika Kusini, walitangaza habari ya kazi waliyoifanya kwa watoto wenye pumu: walichukua chupa za plastiki za kawaida za nusu lita, wakazitumia mahali pa vyombo vile vya dukani vya kupitishia dawa, na watoto wakapata nafuu sawasawa. Hutengenezwa hivi. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni, iachwe ijichuje na kukauka yenyewe bila kufutwa kwa kitambaa, maana ikifutwa dawa hunata ukutani. Katika kitako cha chupa toboa tundu kwa waya uliotiwa moto, kwa umbo lile lile la mdomo wa inhela, lisiwe kubwa hata kidogo. Ingiza inhela katika tundu, uzibe pembezoni kwa gundi au utepe usipite upepo. Mtoto aweke midomo penye mdomo wa chupa. Bonyeza mara moja. Naye avute na kutoa pumzi polepole mara tano au sita humo humo. Kisha mpulizo wa pili kama ameagizwa. Chupa ni ya bure, na waganga wengi husema dawa ikipitishwa hivi hufanya kazi sawa na mashine ile ya mvuke ya hospitalini, isipokuwa kwa mgonjwa mahututi.

Mtu akibanwa ghafula, fanyeni haya. Akae kitako, ainame mbele kidogo, mikono juu ya magoti, msimlaze chali. Legezeni nguo. Watu watoke chumbani, na moto utoke pia. Msimfukize wala msimvukize mvuke wa majani. Apewe salbutamoli kwa chupa, mpulizo mmoja baada ya mmoja, mtu mzima na mtoto mkubwa minne mpaka kumi, mtoto wa miaka mitano na chini yake miwili mpaka sita, isipokuwa mganga wake amempa agizo jingine. Tazameni saa. Baada ya dakika 20, asipopata nafuu arudiwe, tena safari ya hospitali ianze wakati huo huo, wala msingoje kuona.

Na ziko dalili ambazo zikionekana safari huanza mara moja: hawezi kumaliza sentensi moja bila kukata pumzi, midomo kwa ndani, ulimi na kucha zimegeuka rangi ya majivu au ya buluu, amechoka, anasinzia, anachanganyikiwa maneno. Na ile ambayo huwadanganya watu kuliko zote: mluzi umenyamaza, lakini mabega bado yanapanda na mbavu zinaingia. Watu wa nyumbani humshukuru Mungu, wakasema ametulia. Hakutulia. Filimbi hunyamaza mtu anapoacha kuipuliza. Kifua hiki kimenyamaza kwa sababu hewa haipiti tena. Mwenye dalili hiyo ana dakika, hana saa.

Kwa hiyo nina maombi kwa wakubwa wa vijiji. Hospitali za Rubya, Kagondo na Ndolage zipo katika wilaya yetu, lakini usiku wa mvua, katika matope ya vilima vyetu, njia ni ndefu. Kila kitongoji na kijulikane ni nani mwenye pikipiki au gari atakayeamshwa usiku, namba yake ya simu iandikwe mlangoni pa zahanati na kwa balozi, na bei ya safari hiyo ikubaliwe mchana katika mkutano, isipatanwe usiku mbele ya mgonjwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na 455,000 walikufa kwa ajili yake. Wengi wa waliokufa ni wa nchi kama zetu, ambako dawa ni haba na maradhi hayatambuliwi mapema. Maradhi yale yale, katika nchi yenye dawa, mtu huishi nayo mpaka uzee.

Na ninyi waalimu. Mtoto asinziaye darasani asubuhi huenda alikesha akikohoa. Mtoto akaaye pembeni wenzake wakikimbia huenda si mvivu. Mwulizeni kabla ya kumwadhibu. Asipangiwe kufagia vumbi la darasa wala kukaa mbele akifuta ubao wa chaki. Michezo msimkataze, aanze polepole, na kama ameagizwa avute dawa yake kabla. Lakini kubwa kuliko hayo ni inhela yake. Katika shule nyingi dawa ya mtoto hutiwa kabatini kwa mwalimu mkuu, kabati likafungwa kwa kufuli, na mwalimu mkuu akaenda Muleba kwenye mkutano na ufunguo u mfukoni mwake. Aliye mkubwa wa kuweza kuitumia na akae nayo yeye mwenyewe, katika mfuko wa shati. Ya mdogo ikae kwa mwalimu wa darasa, mahali pasipo kufuli, na wenzake wawili waonyeshwe ilipo.

Nimeleta hapa chupa tatu nilizozitengeneza jana, na waya, na gundi. Zipo mezani. Atakaye kujifunza kutoboa na aje, moto upo tayari nje.